Waya Mmoja, Wasemaji Wengi: Haki ya Kusema katika Mitandao ya Viwandani

Mtandao wa vifaa vya kiwandani, ule ambao wahandisi huuita fildibasi, ni waya mmoja unaotumiwa na vifaa vingi kupeana habari. Kwenye waya huo hukutana vihisi vya joto na vya shinikizo, vali, mota, na kompyuta ya udhibiti, ile PLC inayofungwa ndani ya kabati la umeme. Kabla ya mitandao hii kuenea, kila kifaa kilivutiwa jozi yake ya nyaya hadi chumba cha udhibiti, na kipimo kilisafiri kama mkondo wa umeme wa kati ya miliampea 4 na 20. Hakukuwa na ugomvi wa kusema, kwa kuwa kila kifaa kilikuwa na njia yake. Wingi wa nyaya na gharama zake ndivyo vilivyoleta ushirika, na ushirika ulipoingia, swali la kale la wanafalsafa liliingia nao kiwandani: njia ikiwa moja na wenye haja ya kusema wakiwa wengi, nani aseme kwanza, na kwa haki gani?

Fizikia hailijibu swali hilo. Yenyewe hueleza tu kwamba vifaa viwili vikisema kwa pamoja kwenye waya mmoja, ujumbe huharibika. Haielezi ni kipi kinyamaze. Hilo limeamuliwa na watu, na kila itifaki ya mawasiliano imebeba ndani yake nadharia fulani ya haki, hata kama walioiandika hawakuwahi kuiita hivyo. Nadharia hizo zinastahili kusomwa na wasio wahandisi pia, kwa sababu zimepata jaribio ambalo nadharia nyingi za siasa hazijalipata: kanuni zake hutekelezwa maelfu ya mara kila sekunde bila kubadilishwa hata kidogo, na zikiwa na kasoro, kasoro huonekana.

Jibu moja ni usawa kamili unaosimamiwa na bahati. Etherneti ya awali, iliyobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox huko Palo Alto kuanzia mwaka 1973, ilifuata njia hiyo. Kifaa kilisikiliza waya. Ukiwa kimya, kilisema. Viwili vikigongana, vyote vilinyamaza, kila kimoja kikabahatisha muda wa kusubiri, kisha vikajaribu upya. Kila mgongano mpya, hadi wa kumi, uliongeza maradufu upeo wa kubahatisha, na baada ya majaribio 16 yaliyoshindwa ujumbe ulitupwa. Hakuna kilichopendelewa. Lakini pia hakuna kilichoahidiwa kitu: kifaa kingeweza kushindwa mara moja, mara tano, au mara zote 16, bila sheria yoyote kuvunjwa na bila yeyote kukosea. Kwa barua ya ofisini, hilo linavumilika. Kwa ishara ya kusimamisha mkanda wa mashine ulionasa nguo ya mfanyakazi, halivumiliki hata kidogo. Usawa wa nafasi peke yake, pasipo hakika ya kusikilizwa wakati bado upo, ni haki iliyoachwa katikati, na ndiyo maana viwanda viliikataa njia hiyo kwa kazi zenye hatari.

Jibu lililo kinyume chake ni kumpa mmoja mamlaka yote. Modbus, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979 na inayotumika hadi leo, ina kifaa kikuu kimoja na vingine vya kujibu, vyenye anwani kuanzia 1 hadi 247. Kifaa cha kujibu hakisemi mpaka kiulizwe. Kikiulizwa hujibu hilo lililoulizwa, kisha hurudi kwenye ukimya. Mpango huu unamkumbusha msomaji al-Farabi, aliyefariki Dameski mwaka 950, na kitabu chake kuhusu mji bora: mji ulio kama mwili mzima, moyo ukiwa kiungo kikuu, na viungo vingine vikihudumu kwa daraja zao kulingana na kusudi la moyo. Utulivu wa mpango wa namna hii ni wa kweli. Mgongano hauwezekani, na fundi mwenye karatasi na kalamu anaweza kupiga hesabu ya muda wa mzunguko mzima wa maswali.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Moyo ukisimama, viungo vyote vimekufa, hata vile ambavyo ni vizima kabisa. Na kifaa kilichoiona hatari hakina namna ya kuitangaza kabla ya zamu yake. Kihisi cha arobaini kikiona moto, kitangoja thelathini na tisa vilivyotangulia viulizwe habari zao za kawaida. Kwa hiyo, pale ambapo raia hana haki ya kuanza mazungumzo, wajibu wote wa haki humwangukia mtawala: lazima amuulize kila mmoja, asimruke yeyote, na amalize mzunguko kabla habari ya mwisho haijachakaa. Mamlaka ya kuuliza ni mzigo kuliko ilivyo cheo. Programu ya Modbus iliyoandikwa na mtu asiyefikiri hivyo huvifanya vifaa vya mwisho wa orodha kuwa viziwi na mabubu.

Kati ya bahati na mtawala pekee ipo zamu. PROFIBUS, iliyoanza kama mradi wa pamoja wa kampuni na taasisi za Ujerumani mwaka 1987, huruhusu vifaa vikuu kadhaa kwenye waya mmoja, navyo hupokezana tokeni, yaani idhini ya kusema, kwa mpangilio wa anwani zao. Mwenye tokeni huuliza vifaa vyake, kisha humkabidhi wa pili. Hapo pana kanuni moja yenye uzito. Mtandao umewekewa muda unaokusudiwa wa mzunguko mmoja. Kifaa kikipokea tokeni, hupima muda uliopita tangu kilipoipokea mara ya mwisho, na kinachobaki kati ya muda huo na ule uliokusudiwa ndicho kilichoachiwa kutumia. Waliotangulia wakila muda mwingi, anayefuata hukuta kidogo. Hata hivyo hakuti sifuri: hata tokeni ikifika imechelewa, aliyeipokea ana haki ya kutuma ujumbe mmoja wa dharura kabla ya kuipitisha. Kiasi cha chini kabisa kinalindwa hata siku ambayo kila kitu kingine kimepungua.

Tokeni inaweza kupotea, kwa mfano aliyeishika akikatikiwa umeme. Vifaa vingine husikia ukimya, na kila kimoja husubiri kwa muda unaotokana na anwani yake. Chenye anwani ndogo kuliko vyote ndicho kinachomaliza kusubiri kwanza, nacho huunda tokeni mpya. Urithi wa mamlaka umepangwa kabla ya kifo, na wakati wa kifo hakuna la kujadili. Mgeni naye amefikiriwa. Mara kwa mara mwenye tokeni huziuliza anwani zilizo kati yake na mwenzake anayefuata kama kuna aliyewasili. Mgeni hapigi kelele mlangoni. Walio ndani ndio wenye wajibu wa kuchungulia.

Jibu linalogusa falsafa kwa undani zaidi ni lile la itifaki ya CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza mwaka 1983 kwa ajili ya magari, ikaitangaza Detroit mwezi Februari 1986, na baadaye CAN ikaingia viwandani kupitia itifaki kama CANopen na DeviceNet. Hapa hakuna mtawala wala tokeni. Kifaa chochote kinaweza kuanza kusema wakati wowote waya ukiwa kimya. Vikianza viwili kwa pamoja, mmoja hushinda bila ujumbe wake kuharibika na bila muda kupotea. Utaratibu wenyewe unafaa kuangaliwa kwa karibu, biti kwa biti.

Waya wa CAN ni jozi moja. Biti ya 0 huandikwa kwa kusukuma volteji za nyaya hizo mbili zitengane. Biti ya 1 huandikwa kwa kuziachia zikae sawa. Kwa hiyo kifaa kimoja kikisukuma na vingine vyote vikiachia, waya mzima husomeka 0. Kila ujumbe wa muundo wa kawaida huanza na namba ya utambulisho ya biti 11. Tuseme kifaa kimoja kina ujumbe wenye namba 101, na kingine kina wenye namba 103. Kwa biti, ya kwanza huandikwa 00001100101 na ya pili 00001100111. Vyote viwili huanza kwa pamoja, na kila kimoja husoma waya huku kikiandika. Biti tisa za mwanzo zinafanana, hivyo hakuna kinachojua kuwa kina mwenzake. Kwenye biti ya kumi wa kwanza anaandika 0 na wa pili anaandika 1. Waya unasomeka 0. Wa pili ameandika 1 na kusoma 0, basi anatambua papo hapo kwamba yuko mwenye haja kubwa kuliko yake, ananyamaza, na kuanzia hapo anakuwa msikilizaji. Wa kwanza anaendelea, wala hajui kama kulikuwa na shindano. Kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, hukumu hiyo yote haichukui hata sehemu 20 za milioni ya sekunde.

Kinachoshinda hapo ni ujumbe. Namba haikuambatanishwa na kifaa kwa heshima yake. Imeambatanishwa na jambo linalosemwa, na kifaa kimoja huweza kuwa na jumbe za daraja tofauti. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, alieleza kuwa haki ya ugawaji ni uwiano: walio sawa wapewe sawa, wasio sawa wapewe kwa kadiri ya stahili yao. Ugomvi, alisema, hutokea katika kuamua stahili ipi ihesabiwe, kama ni mali, nasaba au wema. CAN imeuamua ugomvi huo kwa uwazi usio na kigugumizi. Stahili ni uharaka wa jambo, na hakuna nyingine.

Uharaka usichanganywe na umuhimu. C. L. Liu na James Layland walionyesha mwaka 1973, katika uchambuzi wao wa kugawa muda wa kompyuta kwa kazi nyingi, kuwa kama daraja za kazi ni za kudumu, mpangilio bora ni kuipa daraja ya juu kazi inayorudi kwa kipindi kifupi zaidi, bila kujali thamani yake. Mpangilio huo ulipohamishiwa kwenye mitandao ulileta matokeo ambayo moyo wa binadamu huyapinga mwanzoni. Kina cha mafuta ndani ya tangi kinaweza kuwa habari yenye thamani kuliko zote kiwandani, lakini hubadilika polepole, na kikichelewa nusu sekunde hakuna kinachoharibika. Mahali ulipo mhimili wa mota ni habari ndogo, ila ikichelewa sehemu 10 za elfu ya sekunde imeshakuwa uongo. Kumtanguliza mwenye haraka hakumshushi aliye muhimu, mradi huyo muhimu afikiwe kabla ya muda wake kwisha. Jamii zinazopima heshima ya mtu kwa nafasi yake kwenye foleni zingefaidika kulitafakari hili.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba haki yote ya CAN. Mwenye daraja ya chini kabisa yumo hatarini: wenye haraka wakiwa wengi, anaweza kusubiri bila kikomo, na hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. John Rawls, katika Nadharia ya Haki ya mwaka 1971, aliruhusu tofauti kati ya watu pale tu zinapomnufaisha aliye katika hali duni kuliko wote. Kwa kipimo hicho CAN haifaulu, kwa kuwa daraja ya mwenzake haimnufaishi wa mwisho. Lakini ipo dhamana nyingine iliyo chini kidogo ya ile ya Rawls na iliyo rahisi kuithibitisha: kabla mtandao haujawashwa, kila ujumbe, na hasa ule wa mwisho, upigiwe hesabu ya muda mrefu kuliko wote unaoweza kuusubiri, na muda huo usizidi ule ambao habari yake bado ina maana. Wa mwisho hakuahidiwa usawa. Ameahidiwa kikomo cha kungoja, ambacho wengi waliosimama kwenye milango ya ofisi wamekitamani kuliko usawa wenyewe.

Hesabu hiyo ina somo kwa walio juu pia. Ujumbe ulioanza kusemwa haukatizwi. Hata wenye namba ndogo kuliko zote, yaani daraja ya juu kabisa, hungoja uliopo umalizike, na kwa ujumbe wa kawaida wenye baiti 8 hiyo ni hadi biti 135. Ken Tindell, Alan Burns na wenzao walichapisha mwaka 1994 njia ya kupiga hesabu za kungoja kwenye CAN, na wahandisi waliitegemea kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Robert Davis, Burns mwenyewe, Reinder Bril na Johan Lukkien walionyesha kwamba njia ile ilikuwa na kasoro: kulikuwa na hali ambapo ujumbe uliothibitishwa kuwa utafika kwa wakati ungeweza kuchelewa. Burns aliweka jina lake kwenye masahihisho ya kazi yake mwenyewe, nalo ni jambo la kuheshimiwa. Dhamana ya haki ni kauli inayoweza kuwa kweli au uongo, nayo huhitaji kukaguliwa na kukaguliwa tena.

Kila utaratibu wa haki una mpaka wa ukubwa. CAN hutegemea vifaa vyote viione biti moja kwa wakati mmoja: umeme lazima ufike mwisho wa waya na kurudi kabla biti haijaisha. Kwa hiyo kwenye kasi ya megabiti 1 waya hauzidi takriban mita 40. Kasi ikishuka hadi kilobiti 125, waya huweza kufika takriban mita 500. Aristotle aliuwekea mji mpaka kwa hoja inayokaribiana na hii, katika kitabu cha saba cha Siasa: mji ukiwa mkubwa mno hautapata mpiga mbiu wa kusikika, isipokuwa mwenye sauti kubwa ya Stentor wa hekaya za Kiyunani. Wanaotaka kuamua pamoja kwa haraka sana lazima wawe karibu sana.

Njia nyingine ni kuuondoa ushindani kabisa kwa kugawa wakati. Hermann Kopetz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna walijenga mfumo ambapo kila kifaa kina kipande chake cha muda, kilichopangwa kabla, na saa za vifaa vyote zikilinganishwa daima. Ugawaji wa namna hii una historia ndefu. Katika mifereji ya falaj ya Oman, mitano kati yake ikiwa imeingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, maji ya bustani hugawanywa kwa zamu za muda, na fungu moja, athar, ni kama nusu saa; zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Maji ya kunywa yalitangulia bustani zote. Ugawaji wa wakati una hasara inayojulikana kwa wenye bustani na kwa wahandisi: asiye na haja bado anashikilia zamu yake, na mwenye shida kubwa haruhusiwi kuichukua. Kwa upande mwingine, kwenye mtandao ukimya hupata maana. Kifaa kisiposema katika kipande chake, wote wanajua mara moja kwamba kimekufa. Kwenye CAN ukimya unaweza kuwa kifo, na unaweza kuwa amani.

Pengine hakuna sehemu ya CAN yenye uzito wa kimaadili kuliko jinsi inavyoshughulika na anayekosea. Kifaa chochote kikigundua kosa kwenye ujumbe huuvunja kwa kusukuma biti sita za 0 mfululizo, ili yeyote asipokee ujumbe ambao wengine wameukosa. Kila kifaa hujiwekea hesabu ya makosa. Kikikosea katika kutuma hujiongezea 8. Kikituma salama hujipunguzia 1. Kifaa kinachokosea zaidi ya mara moja katika kila mara tisa kitaona hesabu yake ikipanda tu. Ikivuka 127, kinapoteza uwezo wa kuvunja jumbe za wenzake, ingawa bado kinaruhusiwa kusema. Ikivuka 255, kinajiondoa kwenye waya. Kinaweza kurudi baada ya kukaa nje na kuhesabu mara 128 mfululizo wa biti 11 za ukimya.

Wasomi wa Kiislamu wameliandikia jambo hili kwa jina la muhasaba, yaani kuihesabu nafsi. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kutokana nalo, na Ghazali alilitengea kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din. Hukumu inayotoka ndani, inayopanda kwa ngazi, inayomnyang'anya mkosaji kwanza uwezo wa kuwadhuru wengine kabla ya kumnyang'anya sauti, na inayoacha mlango wa kurudi, ni hukumu iliyofikiriwa vizuri. Lakini ina upofu mmoja mkubwa. Huhesabu makosa tu. Kifaa ambacho programu yake imeharibika kikaanza kutuma bila kupumzika jumbe sahihi kabisa zenye namba ndogo kabisa, hakikosei chochote. Hesabu yake inabaki sifuri huku wengine wote wakinyamazishwa. Dhidi ya mwenye uchu asiye mwongo, muhasaba haukutosha, na mfumo wa Vienna uliweka mlinzi wa nje: saketi huru inayoufunga mdomo wa kifaa nje ya zamu yake.

Linabaki swali la aliyezigawa namba. Vifaa havikukubaliana juu yake, na kilichoshindwa hakina kinyongo wala maslahi ya kudai. Mtunga sheria wa mtandao anafanana na yule wa Rousseau katika Mkataba wa Jamii wa 1762: anawapa watu sheria huku yeye mwenyewe akiwa nje ya jamii hiyo. Anayebeba madhara ya kungoja ni binadamu: anayesimama karibu na mashine, anayekunywa dawa iliyochanganywa na vali zake. CANopen inalionyesha hili wazi. Katika mgawo wake wa kawaida, amri za mtandao hutangulia, kisha ishara ya ulinganishaji, kisha jumbe za dharura, kisha vipimo vya kazi, na mwisho kabisa taarifa za kila kifaa kwamba bado kiko hai. Mpangilio huo una sababu zake. Lakini kuanzia kundi la dharura, namba ya msingi ya kila kundi hujumlishwa na namba ya kifaa, kuanzia 1 hadi 127, hivyo dharura ya kifaa cha 1 huitangulia dharura ya kifaa cha 90 hata kama cha 90 ndicho kinacholinda uhai. Fundi aliyetoa namba kwa kufuata mpangilio wa vifaa ukutani, kutoka mlangoni hadi dirishani, ameshaamua nani angoje, pengine bila kujua kwamba aliamua chochote. Jedwali la namba hizo, pamoja na muda mrefu kuliko wote wa kungoja wa kila ujumbe na jina la aliyeuhesabu, linapaswa kuwemo katika nyaraka za mtambo, mahali ambapo mfanyakazi wa mashine anaweza kuliomba na kulisoma.